Mzigo wa Kufungwa

Hotuba hii ilitolewa Lubumbashi, katika ukumbi wa parokia mtaani Kamalondo, mbele ya makocha wa timu za vijana, manahodha wao na wazazi. Tunaichapisha nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu mliotutangulia, akina baba na akina mama, makocha wenzangu, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango ili muwahi kutoka: habari za mchana.

Nimeombwa nizungumze juu ya uongozi wa kocha. Aliyenialika alitarajia, nadhani, kwamba nitawasimulia msimu ule tuliopanda daraja. Msimu huo nimeusimulia mara nyingi kiasi kwamba mke wangu anaweza kusimama hapa akausimulia vizuri kuniliko. Leo nitazungumza juu ya msimu uliofuata, ambao watu wananifanyia hisani ya kutouliza habari zake: msimu tuliofungwa mechi saba mfululizo, tukashuka daraja, na mimi nikafanya kosa ambalo nitawaeleza kwa kirefu, kwa sababu kosa hilo limenifundisha kazi hii kuliko kupanda daraja kulivyonifundisha.

Kwa nini niseme habari za kufungwa hapa, katika mtaa huu? Mtu akitoka nje ya ukumbi huu hahitaji basi ili aufikie uwanja wa TP Mazembe. Mji wetu umezoea makombe. Kombe la klabu bingwa za Afrika limekuja Lubumbashi mara tano: mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, vijana wa mji huu waliwafunga Internacional wa Brazil mabao 2-0, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, na hata mtoto ambaye alikuwa hajazaliwa siku hiyo anaweza kuwaonyesha jinsi golikipa Kidiaba alivyokuwa akirukaruka kwa makalio kila bao lilipoingia. Mji wa namna hii unamfundisha mtoto kushangilia. Je, unamfundisha kufungwa? Nani kati yenu amewahi kusimuliwa na babu yake fainali ya 1969, tuliyofungwa na Ismaily wa Misri? Nani amesimuliwa ile ya 1970, tuliyofungwa na Asante Kotoko wa Ghana? Ilikuwa timu ile ile iliyotwaa kombe mara mbili. Kutoka kombe la 1968 hadi lile la 2009 ni miaka 41. Ndani ya miaka hiyo 41 kulikuwa na makocha waliokwenda mazoezini kila asubuhi, na majina yao hatuyaimbi.

Mimi mwenyewe, niseme ukweli ili msije mkaniumbua baadaye, sikulelewa katika rangi nyeusi na nyeupe za Mazembe. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na katika nyumba ya mtu wa reli hakukuwa na mjadala: ilikuwa Lupopo, klabu nyingine ya mji huu, bluu na manjano. Mnaocheka, chekeni. Mwaka 2002 tulichukua ubingwa wa taifa, na baada ya hapo tukajifunza kungoja. Somo la leo, basi, mnalipewa na mtu aliyelisomea nyumbani.

Sasa nirudi kwenye msimu wangu. Timu yetu ilikuwa ya vijana wa miaka kumi na minne hadi kumi na sita, wengi wao kutoka mitaa ya Katuba na Kenya hapa mjini, na kiwanja chetu kilikuwa cha udongo mwekundu usiokuwa na nyasi hata moja mbele ya magoli. Mechi tatu za kwanza tulifungwa kwa bao moja moja, nasi tukajiambia kwamba ni bahati. Mechi ya nne ikaja. Golikipa wetu alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu, mpole, mtoto anayekushukuru hata ukimpitishia maji. Kabla ya dakika ya ishirini alikuwa ameshafungwa mabao matatu. Nikamtoa.

Kumtoa mchezaji si dhambi. Kila kocha aliye hapa amewahi kufanya hivyo. Dhambi ilikuwa katika namna. Nilipaza sauti. Nilimwita kwa jina, nikamwambia atoke kwa sababu "magoli yote haya ni yako". Na nakiri mbele yenu kwamba sikupaza sauti ili yeye anisikie, maana alikuwa hatua chache tu kutoka niliposimama. Nilipaza sauti ili wazazi waliokuwa wamesimama nyuma yangu wasikie. Walikuwa wameanza kunung'unika, nami nilitaka wajue kwamba kocha ameona kosa, kwamba kosa lina mwenyewe, na kwamba mwenyewe si kocha.

Yule kijana hakujibu. Alivua glovu, ambazo zilikuwa mali ya timu, akaziweka chini kando ya mfuko wa jezi, moja kando ya nyingine, vidole vikielekea golini, kwa utaratibu, kama mtu anayeweka viatu vyake mlangoni pa nyumba ya mgeni. Kisha akaondoka kwa miguu. Golikipa wa pili akaingia, akafungwa mengine mawili. Mechi ikaisha 5-0.

Jumatatu mama yake akaja. Nilijiandaa kwa ugomvi, lakini hakuja kugombana. Alikuwa ameleta jezi, ameifua, ameipiga pasi, ameikunja. Akanisalimia kwa heshima zote, kisha akasema: "Mwalimu, mutoto hakukula bukari tangu juzi. Ananiuliza kama ile magoli tatu yote ilikuwa yake. Nimujibu nini?"

Ndugu zangu, nimefundisha mpira miaka mingi na sijawahi kuulizwa swali gumu kuliko hilo. Kwa sababu ilibidi nianze kuhesabu. Bao la kwanza: beki wetu wa kushoto alibaki mbele akifunga kamba ya kiatu huku mpira ukichezwa. La pili: kiungo wetu alinyang'anywa mpira kwa kuwa hakuna mwenzake hata mmoja aliyemsogelea kumpa njia. La tatu: mabeki wetu wa kati walikuwa wamepanda hadi karibu na mstari wa katikati, na walikuwa wazito, na washambuliaji wa upande wa pili walikuwa wepesi kama swala. Na nani aliyewaambia mabeki wapande? Mimi. Bao la tatu lilikuwa langu. Golikipa alikuwa mtu wa mwisho kuliona, basi.

Kabla sijaendelea, niwarudishe nyuma zaidi, kwa sababu kosa langu lilikuwa na babu yake. Wazee mliopo hapa mnakumbuka mwaka 1974. Mwezi Machi mwaka huo timu yetu ya taifa, wakati ule Zaire, ilikuwa bingwa wa Afrika huko Misri, na Mulamba Ndaye alifunga mabao 9 katika mashindano yale. Mwezi Juni tukaenda Ujerumani Magharibi, nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Tulifungwa 2-0 na Scotland, na hilo halikuwa aibu. Kisha, tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, tukakutana na Yugoslavia. Golini alikuwa Kazadi Mwamba, mtoto wa klabu ya mji huu, mmoja wa waliotwaa kombe la mataifa ya Afrika mwaka 1968. Baada ya mabao matatu, kabla hata ya nusu saa ya mchezo, kocha alimtoa. Akaingia Tubilandu Dimbi. Mechi ikaisha 9-0.

Kocha huyo, Blagoje Vidinić, alikuwa Myugoslavia, na mwenyewe katika ujana wake alikuwa golikipa, golikipa hodari, aliyechukua medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 1960 na timu ya nchi yake. Fikirini jambo hilo. Mtu aliyewahi kusimama peke yake kati ya miti miwili, anayejua kuliko mtu yeyote katika uwanja ule kwamba mabao matatu hayatoki kwa mtu mmoja. Na hata hivyo, siku ile, aliyenyooshewa namba alikuwa golikipa. Mabao sita yaliyofuata yalionyesha kama tatizo lilikuwa golikipa au la.

Sijasema haya ili nimhukumu marehemu. Nayasema kwa sababu timu inapozama, mkono wa kocha humtafuta aliye karibu na wavu, na mkono huo ni wa haraka kuliko akili. Wangu ulikuwa wa haraka.

Katika mechi ile ile kuna jambo la pili, na mimi ndilo ninalolifikiria zaidi. Mchezaji mmoja wa kwetu alimpiga mwamuzi teke. Mwamuzi akageuka na kutoa kadi nyekundu, na akampa nani? Akampa Ndaye, mfungaji wetu bora, ambaye hakufanya kosa hilo. Aliyefanya alikuwa Ilunga Mwepu. Ndaye alitoka uwanjani kwa kosa la mwenzake, na halikurekebishwa siku ile. Siku nne baadaye, dhidi ya Brazil, Mwepu huyo huyo alitoka mbio kwenye ukuta kabla Wabrazil hawajapiga mpira wa adhabu, akaupiga mpira mbali kabisa, na dunia nzima ikacheka. Inacheka mpaka leo: tazameni, Waafrika hawakujua sheria. Baadaye Mwepu mwenyewe alieleza kwamba sheria aliijua vizuri. Alikuwa na hasira, kwa kuwa wachezaji walikuwa na madai ya malipo ambayo hawakupewa. Je, mtu anayecheka anapoitazama picha ile anaona malipo? Anaona mtu mmoja mwenye jezi ya kijani anayekimbia.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Kufungwa ni mzigo, na mzigo lazima uwe mabegani mwa mtu fulani. Ukiuacha bila kuugawa, utajichagulia mwenyewe bega, na kwa kawaida unachagua bega jembamba: golikipa, mtoto mgeni katika timu, mtoto ambaye baba yake hana sauti katika mkutano wa wazazi. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mtu anayeutazama kutoka pembeni ya uwanja huuona mwepesi kweli kweli. Kazi ya kocha katika msimu mbaya, kama nilivyokuja kuielewa kwa kuchelewa, ni kuupima mzigo huo kwa haki na kuamua nani abebe kipande gani, akianza na chake.

Tunaambiwa kila mara kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii imebandikwa hadi kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Siipingi, ila haituambii kukubali huko kunafanywaje, na nani aanze. Nimeona makocha waliokubali kushindwa kwa niaba ya wachezaji wao, kwa sauti kubwa, huku wao wenyewe wakiwa hawajakubali lolote.

Basi nilifanya nini baada ya mama yule kuondoka? Jumanne niliwakusanya vijana chini ya mwembe, maana chumba cha kubadilishia nguo hatukuwa nacho. Golikipa hakuwapo. Nikawaambia: leo hatutagusa mpira kwanza. Kila mmoja atataja kosa lake mwenyewe katika mechi ya Jumamosi, na ni marufuku kutaja la mwenzake. Mimi nitaanza. Nikawaambia kuhusu mabeki niliowapandisha. Nikawaambia pia kuhusu sauti niliyoipaza, na iliwalenga nani.

Kulikuwa na kimya ambacho sitakisahau. Vijana hawakuzoea kusikia jambo kama hilo kutoka kwa mtu mzima. Walitazamana kama watu wanaongoja mtego ufyatuke. Kisha beki wa kushoto, akichorachora udongo kwa kijiti, akasema polepole: "Mimi nilikuwa nafunga kamba." Mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka, na baada ya hapo waliobaki wakasema. Tulimaliza jua likiwa limezama. Yule beki ndiye aliyejitolea, bila kuombwa, kwenda nyumbani kwa golikipa.

Kijana alirudi Alhamisi. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa sababu nilimkosea mbele yao. Radhi inayotolewa pembeni kwa kosa lililofanywa hadharani ni nusu ya deni. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kesho nikuye tena?"

Natamani ningewaambia kwamba Jumamosi hiyo tulishinda. Tulifungwa 2-0. Na iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Lugha yetu ina neno kali kwa jambo hili: timu inayoshindwa tunasema imefungwa, neno lile lile tunalolitumia kwa mtu aliyetiwa gerezani, na kwa kweli, baada ya mechi ya saba, vijana wangu walikuwa wakitembea kama wafungwa, mikono nyuma, macho chini, hata walipokuwa wakienda tu dukani kununua mkate. Hotuba zangu zilikuwa zimekwisha. Mtu anaweza kuwaambia vijana "tutashinda wiki ijayo" mara ngapi kabla hawajaanza kumhesabu kuwa mwongo? Mimi niliisema mara tatu. Nikaacha.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya kila siku, na hapa nitawaonyesha kitu kidogo sana. Chokaa ya kuchorea mistari ya uwanja ilikuwa ghali kwetu, kwa hiyo tulichora kwa jivu. Akina mama wa mtaa walituwekea jivu la makala kutoka kwenye mbabula zao, yaani majiko ya makaa, nasi tulilipitisha katika chujio la waya ili kuondoa vipande visivyoungua, tukalitia katika kopo la maziwa lililotobolewa matundu kwa msumari, na mtu mmoja alitembea kinyumenyume akilitikisa kopo kufuata kamba iliyovutwa kutoka kona hadi kona. Uwanja mzima ulichukua karibu saa moja. Wakati wa upepo wa Agosti mstari ulipotea kabla hujafika mwisho, ukarudia. Katika msimu wa kupanda daraja tulikuwa na vijana wanaogombania kopo. Katika msimu wa kufungwa, kufikia mechi ya tano, nilikuwa nikichora peke yangu.

Niliendelea kuchora. Sikufanya hivyo kwa ushujaa. Sikujua jambo lingine la kufanya. Lakini nilitambua kwamba vijana walikuwa wakinitazama kutoka mbali, na kwamba swali lao halikuwa tena kama tutashinda. Swali lao lilikuwa kama mtu huyu bado anauona huu kuwa uwanja. Mstari uliopinda ungewajibu. Mstari ulionyooka pia uliwajibu. Jioni moja niligeuka nikakuta kamba imekazwa upande wa pili bila mimi kuifunga. Aliyeishika alikuwa golikipa.

Nawapa mfano wa timu kubwa, msije mkasema kwamba haya ni mambo ya jivu na watoto. Mwezi Juni 2022 timu yetu ya taifa ilifungwa mechi zote mbili za mwanzo za kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika, na Gabon na kisha na Sudan, chini ya Héctor Cúper, kocha mwenye jina kubwa aliyewahi kufika fainali mbili za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya na Valencia. Agosti mwaka huo akaja Sébastien Desabre. Timu ikafuzu. Huko Côte d'Ivoire, Januari 2024, ilicheza mechi tatu za kundi na haikushinda hata moja: 1-1 na Zambia, 1-1 na Morocco, 0-0 na Tanzania. Mnakumbuka maneno yaliyosemwa katika mji huu baada ya ile sare na Tanzania? Mimi nayakumbuka, kwa sababu mengine niliyasema mwenyewe. Lakini timu haikugeuzwa juu chini. Ilibaki ile ile, ikiwa na subira ile ile nyuma. Ikatoka sare na Misri, ikafika mikwaju ya penalti, na baada ya golikipa wa Misri kugonga mwamba, alikuja kupiga nani? Golikipa wetu, Lionel Mpasi. Akafunga. 8-7. Miaka 50 baada ya golikipa wetu mmoja kutolewa Gelsenkirchen, golikipa mwingine alikabidhiwa mpira wa mwisho. Tulifika nusu fainali. Niliruka, nikagonga kichwa kwenye taa ya jirani.

Mtu mmoja hapa mbele ameinua mkono, na najua anataka kusema nini: katika mashindano yale yale wenyeji walimwondoa kocha wao katikati ya safari, na wakachukua kombe. Ni kweli. Côte d'Ivoire walifungwa 4-0 na Guinea ya Ikweta nyumbani kwao, Jean-Louis Gasset akaondoka, msaidizi wake Emerse Faé akashika timu, wakatufunga sisi 1-0 katika nusu fainali, wakaifunga Nigeria 2-1 katika fainali. Basi, je, kocha anayefungwa aondoke?

Mara nyingine ndiyo. Sitawadanganya kwa sababu tu mimi ni kocha. Ila angalieni aliyechukua nafasi alikuwa nani: alikuwa mtu aliyekuwa tayari ndani, anayewajua wachezaji, aliyekuwa amekula nao bao lile la nne. Wasimamizi wa vilabu vyetu wanaoupenda mfano huu huuchukua nusu. Humfukuza kocha Jumatatu na kumleta Jumatano mtu ambaye hajui jina la beki wa kushoto.

Mimi niliandika barua ya kujiuzulu. Niliiandika usiku baada ya mechi ya saba, karatasi moja, mwandiko mzuri, maneno ya heshima, nikaeleza kwamba natoka kwa manufaa ya vijana. Nikampa mke wangu aisome. Akaisoma mpaka mwisho, akairudisha, akaendelea kuchambua sombe. Baada ya muda akauliza: "Na mistari atachora nani?" Nikakasirika, kwa sababu barua ilikuwa nzuri na yeye anazungumza habari za jivu. Lakini kesho yake nilipokuwa natembea kinyumenyume na kopo mkononi nilielewa kwamba ile barua, pamoja na mwandiko wake wote, ilikuwa tena ile sauti niliyoipaza siku ya mechi ya nne: njia ya kuutua mzigo mbele ya watu ili waone kwamba si wangu. Kama ningekuwa na mtu aliyekwisha kuwajua watoto wale, anayeweza kuwapeleka mbele kuliko mimi, ningemkabidhi. Sikuwa naye. Barua ikaishia kuwashia mbabula, na jivu lake, nadhani, liko mahali fulani katika eneo la penalti.

Makocha wenzangu, nina ombi moja kwenu na moja kwa wazazi. Kwenu ninyi: mechi ya kwanza mtakayofungwa msimu huu, msiseme lolote la lawama mpaka kila mtu amekunywa maji, kisha anzeni na kosa lenu. Mtakuta si vigumu kama inavyodhaniwa, isipokuwa mara ya kwanza. Na kwa wazazi: mnaposimama nyuma ya kocha, mjue kwamba anawasikia. Mnung'uniko wenu humfikia kwanza yeye, na asipokuwa imara utampitia uende kumwangukia mtoto, na mtoto huyo huenda akawa wenu.

Mtauliza msimu uliishaje. Uliisha kwa sare mbili na ushindi mmoja, na tulishuka daraja kwa tofauti ya alama nne. Ushindi huo mmoja ulikuwa 1-0, katika mvua ya kwanza ya Oktoba, mistari ikiwa imeshayeyuka yote na mwamuzi akikisia mpira ulitoka wapi. Golikipa wetu hakufanya muujiza wowote siku hiyo. Alidaka mipira ya kawaida, kwa kawaida. Sasa ni mtu mzima. Yuko hapa leo, simtaji jina kwa kuwa aliniomba nisimtaje, naye ndiye anayefundisha makipa wadogo wa timu yetu, na kopo la maziwa liko kwake, ingawa tumelibadilisha mara nyingi kwa sababu ya kutu.

Kesho jioni ana mazoezi, na keshokutwa kuna mechi. Ameniambia kwamba jivu halitatosha hata kwa nusu ya uwanja. Kwa hiyo, akina mama mliopo hapa, mkipika leo usiku, msimwage la mbabula zenu. Wekeni pembeni ndani ya ndoo, vijana watapita asubuhi kulichukua. Asanteni sana.